Samaki Aliyekauka

Februari, Hexham. Ndani ya kibanda cha mbao
nyuma ya nyumba ya Edna Milburn
dirisha limeota barafu,
heta ya mafuta ya taa inanuka kama jiko la utotoni.
Mezani, mreteni:
umenyooka kama askari aliyesahauliwa langoni.

Rafia imelala kwenye ndoo tangu jana.
Tunaikamua, tunaizungusha shinani
zamu juu ya zamu, bila kuacha mwanya.
"Kaza," anasema. "Zaidi. Huyu si mtoto mchanga."
Mimi kazini kwangu, wodi ya mifupa,
nimefunga plasta mikono elfu
na hakuna hata mmoja nilioufunga ili niupinde.

Ndivyo tulivyojuana: kifundo chake cha kulia,
Novemba ya mwaka juzi, ngazi za posta.
Niliupanga mfupa, nikampa wiki sita.
Ya nne akaikata plasta mwenyewe
kwa koleo hii hii ya kukatia waya,
maana miti, alisema, haina miadi na daktari.
Mfupa ukaunga upande.
Sasa vidole vyake havishiki waya nene.
Ndiyo sababu vyangu vipo hapa.

Nikamwambia kwetu tunasema
samaki mkunje angali mbichi.
Akauliza, samaki gani?
Nikafafanua, Kiingereza changu kikijikwaa kwenye "angali."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Huu una miaka arobaini.
Niliununua mwaka ule Len alipoondoka na televisheni.
Samaki wako amekauka, kijana.
Tumkunje hivyo hivyo."

Anakwangua ganda lililokufa, juu, pasipofungwa.
Vumbi jekundu laniingia puani
na ghafla niko darasa la tatu, Ol Kalou,
nachonga penseli kwa wembe,
na nje nguzo za mtarakwa zimeshika seng'enge
ya shamba ambalo halikuwa letu.
Mtarakwa, mreteni: watoto wa ukoo mmoja.
Mmoja hupanda mita thelathini bila kuomba ruhusa,
mwingine huambiwa, kaa hapa, kwenye sahani.

Kisha shaba, nene kama penseli ile,
kwa mshazari, toka mzizini kwenda juu.
Kisha jeki.
Nusu mzunguko. Tunangoja. Chai.
Nusu mzunguko. Redioni mtu anasoma
upepo wa bahari ambayo hatuioni.
Robo.
Robo.

Ta.

Si sauti kubwa. Njiti ya kiberiti ikivunjika.
Lakini nimewahi kuisikia kando ya uwanja wa mpira,
na najua kinachofuata ni yowe.
Hakuna aliyepiga.
Mikono yangu imegandia jeki.
Edna anainama, miwani kwenye ncha ya pua,
anapapasa mgongo wa mpindo.
"Mbao tu. Mshipa upo."
Au alisema, "nadhani upo."
Heta ilikuwa inavuma.
"Usirudishe nyuma. Ukirudisha, utauvunja mara mbili.
Na ukifa, ni paundi mia nane."
Tukaziba ufa kwa bandiko la kijivu,
laini kama unga wa chapati uliolazwa.

Mreteni hufa ukiwa kijani.
Hilo hakuniambia mpaka tulipozima heta.
Waweza kuwa ulishakufa siku ile ile
na Mei bado umevaa,
kama mtu anayetoka nyumbani kila asubuhi
wiki tatu baada ya kufukuzwa kazi,
kibakuli cha chakula mkononi,
mkewe akimfungia kifungo cha juu.

Basi kila Jumapili, nikitoka zamu ya usiku,
napanda basi lifuatalo mto Tyne
na usingizi wangu begani.
Natazama ncha. Sigusi. Halafu nagusa.

Leo mvua.
Ncha moja, chini ya mpindo, imepauka.
Huenda ni chipukizi.
Huenda ni manjano inaanza.
Namwita Edna. Anatoka na taulo kichwani,
anatazama muda mrefu,
anaurudisha mfukoni ule mkono uliokwenda upande,
ananiuliza kama nimekula.